Fundi Aliyelala Mbele ya Lipu Mbichi

Usingizi ulimhama fundi Mwiko kama mpangaji asiyetaka kuaga. Jana yake alilala vizuri, akakoroma mpaka dada yake akagonga ukuta kwa kiatu. Siku iliyofuata akajilaza, akafumba macho, akangoja, na usingizi haukuja. Hakuwa mgonjwa. Hakuwa na msiba, wala kesi, wala mtu wa kumwogopa. Kule zahanati walimpima kila kinachopimika, wakamwambia anywe maji na apunguze mawazo, naye akarudi nyumbani akijiuliza apunguze yapi, maana hata hayo mawazo yenyewe hakuyaona. Mwishowe akazoea. Akawa analala kwa vipande, kidogo hapa, kidogo pale, kama mtu anayeokota makombo chini ya meza ya wenzake.

Watu walimwita Mwiko kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kazi: alikuwa fundi wa lipu, na mwiko wake ulikuwa umelika mpaka ukafanana na jani. Ya pili ni tabia. Mambo mengi kwake yalikuwa mwiko. Kuchanganya lipu bila kuchekecha mchanga, mwiko. Kuanza ukuta bila kuulowesha, mwiko. Saruji iliyoachwa ikalala kwenye karai, hiyo ndiyo kabisa. Aliwahi kuoa, na mkewe aliishi na miiko hiyo miaka kadhaa, kisha akaomba ruhusa kwa upole, akaenda zake, akaolewa na muuza magodoro. Fundi hakumlaumu. Alisema kila mtu na riziki yake, na watu wakageukia pembeni ili wacheke.

Tangu hapo aliishi kwa dada yake mkubwa, mshonaji, kwenye nyumba ya vyumba viwili na kibaraza kilichojaa vitambaa. Dada huyo alishona akiwa na sindano kinywani, na aliposema, maneno yake yalichoma kuliko hiyo sindano. Alimwona mdogo wake akitembea mchana kama mtu aliye chini ya maji. Alimwona akimimina chai nje ya kikombe, na siku moja akisalimia shati lililoanikwa kwenye kamba, akangoja aitikiwe. Lakini kazi ya fundi haikupotoka, na hapo ndipo watu waliposhangaa. Mkono wake ulikuwa macho hata pale mwenyewe alipokuwa hayupo. Ukuta aliousimamia ulisimama. Ukiweka pima maji, kile kiputo kilikwenda katikati kikatulia.

Basi mchanga ukaadimika. Mto uliokuwa ukiulisha mji mchanga ulichimbwa mwaka hadi mwaka, mpaka yakabaki mawe na matope, na malori yaliyozoea kumwaga mchanga safi yakaanza kuleta kitu chenye udongo nusu na mizizi nusu. Fundi Mwiko alikichota, akakisugua kiganjani, akakinusa, akakirudisha chini. Wenzake waliona huo ni umbea wa vidole, wakapiga lipu hivyohivyo, na kuta zao zikapasuka kama visigino vya kiangazi. Yeye akakaa nyumbani. Alifungua na kufunga cherehani ya dada yake ambayo haikuwa na tatizo lolote, mpaka cherehani ikapata tatizo, na dada akamwambia kwamba njaa haina mwiko.

Ni katika siku hizo Mama Chenga alipokuja mlangoni.

Alikuwa na kiwanja nyuma ya soko, ambako plastiki chakavu zilichambuliwa, zikaoshwa, zikasagwa kuwa chenga, vipande vidogo kama punje. Hakuwa mama wa mtu. Zile chenga ndizo zilizompa umama, kwa kuwa alizijua kama mzazi anavyojua kikohozi cha mwanawe: ukimwekea tatu kiganjani alikuambia hii ilikuwa ndoo, hii dumu la mafuta, hii mguu wa kiti. Plastiki ya aina moja aliwauzia watengeneza mabeseni. Zilizomshinda ni zile za mchanganyiko, kiti kilichokutana na kifuniko, kreti iliyokutana na chupa, rangi zote ndani ya ukufi mmoja. Hizo hakuna aliyezitaka. Zilijaa magunia, na magunia yakajaa banda, na sasa yalikuwa yanamfukuza mwenyewe. Alikuwa amejenga chumba kando ya banda, tofali tupu, na alitaka kipigwe lipu. Akaeleza kwa utulivu kwamba badala ya mchanga angependa zitumike hizo chenga.

Fundi alimtazama kama alivyolitazama lile shati kwenye kamba, akiwa hana hakika.

"Saruji na plastiki hazijuani, mama," akasema.

"Hata watu huanza hivyo," akajibu Mama Chenga.

Dada, aliyekuwa akipinda suruali ya mteja, aliondoa sindano kinywani ili apate nafasi ya kutabasamu.

Fundi alikwenda kutazama tu, au ndivyo alivyojiambia. Kiwanja kilikuwa na kelele kama uwanja wa vita, kisha mashine ikasimama na kukawa kimya ghafla, na vumbi la rangi likashuka taratibu hewani. Wafanyakazi watatu walikuwa wameketi juu ya ndoo zilizopinduliwa, wakichambua. Mama Chenga akamfungulia gunia. Fundi akatumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akauacha humo. Mchanga humshika mtu mkono, humwambia nipo. Hizi zilimpisha tu, nyepesi, vuguvugu kwa jua, kama maji yasiyolowesha. Hakujua amesimama hapo muda gani. Alipozinduka, wafanyakazi walikuwa wamemaliza kuchambua fungu zima, na Mama Chenga alikuwa bado ameushikilia mdomo wa gunia, akimngoja, bila haraka.

Fundi alimweleza ukweli anaoujua. Chenga hizi hazinywi maji. Zina nyuso laini, na saruji hupenda kitu chenye kukwaruza. Mama Chenga akasema amesikia, lakini angependa kwanza ajaribu bila punje ya mchanga, kwa kuwa hayo magunia ni mengi na chumba ni chake. Fundi akakubali. Njaa ilikuwa sababu mojawapo. Nyingine ni kwamba tangu usingizi umhame hajawahi kutamani kujua jambo lolote litaishaje, na hili alitamani.

Akapiga ukuta mmoja. Jioni ulipendeza sana, umemetameta kote kama sufuria lililooshwa. Asubuhi walipofungua mlango, lipu yote ilikuwa imeshuka. Ilikuwa imeketi sakafuni mikunjo mikunjo, kama shuka lililovuliwa kitandani, na tofali ziko uchi vilevile kama jana.

Mama Chenga alichuchumaa. Akavunja kipande kwa vidole viwili, kikavunjika bila ubishi.

"Kila ninakopeleka vitu vyangu naambiwa havishiki," akasema. "Nilitaka nione kwa macho yangu."

Fundi alikuwa na haki ya kusema nilikuambia. Neno lilikuwepo mdomoni, limeshavaa viatu. Lakini aliutazama mgongo wa mwanamke yule aliyechuchumaa mbele ya shuka lake la saruji, na neno likarudi ndani.

"Havikukataa kushika," akasema. "Hatukuvipa pa kushikia."

Baada ya hapo hakurudi nyumbani kukaa.  Alianzia palepale, kwenye ukuta wa uani, akapiga lipu vipande vidogo vya majaribio, kila kimoja na mchanganyiko wake. Nyumbani alikuwa na lundo dogo la mchanga mzuri wa zamani, alilolifunika kwa turubai nyuma ya choo kama mtu anavyoficha asali. Hakuna aliyewahi kugawiwa hata ukufi. Alilibeba kwa mkokoteni akalimwaga kwa Mama Chenga, na dada yake aliyeshuhudia mkokoteni ukitoka, siku ile alishona mshono mmoja mara mbili.

Mama Chenga naye alibadilisha wavu wa mashine, akasaga chenga ndogo zaidi, ndogo kama sukari. Akaziosha kwa sabuni mara ya pili kutoa mafuta, akazianika, akazichekecha. Kipande cha nusu kwa nusu kilishika, lakini ukikikwaruza kwa ukucha kilitoa unga. Kilichofuata kilikuwa kigumu lakini kikajichora nyufa nyembamba kama nywele. Fundi akapunguza maji. Akapunguza chenga. Kila mara alirudi nyuma hatua chache, akafumba jicho moja, akatikisa kichwa, na Mama Chenga akaenda kuleta karai jingine kabla hajaombwa. Mwishowe kile cha chenga sehemu moja na mchanga sehemu nne kilikaa. Kilipigwa jua, kikamwagiwa maji, kikagongwa kwa kifundo cha kidole, na kikajibu kwa sauti nzito ya ukuta unaojitambua.

Dada aliwaletea chakula siku hiyo. Alisimama mbele ya ule ukuta wa majaribio, akautazama juu mpaka chini, akasema umevaa viraka kuliko suruali za wateja wake wote. Fundi akacheka. Alicheka kwa sauti, akashika ubavu. Dada alikuwa amesahau kicheko hicho kinavyosikika, na alipokuwa akirudi nyumbani na vyombo vitupu alitembea polepole, kama mtu aliyebeba kitu kilichojaa.

Wakakianza chumba. Fundi alilowesha tofali, akarusha lipu kwa mwiko, akaburuta ubao kutoka chini kwenda juu, akangoja ivute, yaani ianze kukaza, ndipo akasugua kwa kibao kwa mzunguko. Lipu ile ilikuwa nyepesi; bega halikulalamika jioni. Na katika kusugua, chenga zilijitokeza. Kwanza ukuta ulikuwa wa kijivu tu, kisha kibao kikizunguka, palionekana nukta ya buluu, halafu nyekundu, halafu kijani cha majani machanga, zikielea ndani ya saruji kama vitu vilivyo kwenye kina cha maji matulivu. Mama Chenga alisimama nyuma yake na karai kichwani, akizitaja. Hilo ni beseni. Hicho kilikuwa kiti, viti vile vya kukodisha, vinavyokwenda harusini leo na msibani kesho. Hicho ni kifuniko cha chupa ya dawa ya kikohozi.

Naye fundi, ambaye alikuwa nusu macho miaka yote hiyo, aliviona. Aliona beseni la buluu na mtoto ameketi ndani yake, amekasirika, ana povu kichwani. Aliona kiti kikizama mguu mmoja kwenye mchanga laini wa uwanja, na mtu mnene akikiegemea huku akiimba. Hakujua kama anaviona au anaviota akiwa wima. Havikumtisha. Vilipita ndani ya ukuta mmoja baada ya mwingine, kila kimoja na mwanga wake, na mkono ukaendelea kuzunguka.

Ukuta wa tatu aliumaliza kurusha mchana wa jua kali. Akaketi juu ya ndoo kungoja lipu ivute. Nje mashine ilikuwa ikisaga kreti, lakini ndani ya chumba kile, kuta mbili zikiwa zimeshavikwa, kelele zilifika zimechoka. Zilisikika kama mvua ya mtaa mwingine. Joto lilibaki nje ya mlango. Harufu ya saruji mbichi ilikuwa ya baridi, harufu ya chungu kipya. Fundi akauegemeza mgongo wake kwenye pembe ya ukuta uliokauka, akainua macho kutazama alichokifanya, na macho hayakushuka tena yakiwa wazi.

Mama Chenga aliingia na maji ya kunywa akamkuta. Kichwa kilikuwa kimeanguka begani, mwiko bado uko mkononi, mdomo umefunguka kidogo. Alidhani ameugua ghafla, akasogea, akasikia pumzi: ndefu, nzito, inayokwenda mbali na kurudi. Kila mtu mjini alijua habari za fundi asiyelala. Akatoka kwa ncha za vidole, akaenda mpaka kwenye mashine, akaizima, ikiwa bado na kreti nusu mdomoni. Wafanyakazi wakamtazama. Akaweka kidole midomoni. Wakabaki pale, watu wazima watatu, wakichambua plastiki kipande kimoja kimoja na kukiweka chini kama yai.

Lakini lipu haina subira. Inapovuta ni lazima isuguliwe, na ikipita wakati wake inakuwa jiwe, na ukuta wote ni wa kubomolewa. Mama Chenga alirudi akagusa kwa kidole. Ilikuwa tayari. Akamtazama fundi, akautazama ukuta. Akavua viatu. Akachukua kile kibao kilichokuwa juu ya mapaja ya fundi, akakitoa taratibu kama mtu anayemwondolea mtoto mchanga kitu mkononi, akaanza kusugua.

Hakuwahi kukishika, lakini alikuwa amekitazama kikizunguka siku zote hizo. Mkono wake ulikuwa mzito hapa, mwepesi pale. Ukuta ukatoka na mawimbi. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye nyusi na hakuthubutu kuvuta pumzi kwa nguvu. Hivyo ndivyo dada alivyomkuta jua lilipokuwa linazama, alipokuja kumtafuta mdogo wake aliyechelewa. Alimkuta mwanamke amesimama peku juu ya ndoo, lipu mpaka kwenye masikio, anamwonyesha kwa macho kule pembeni.

Dada alitazama. Kisha akaketi pale mlangoni, juu ya kizingiti, akafunika uso kwa mtandio wake. Mabega yalitikisika, na Mama Chenga hakujua kama analia au anacheka. Baadaye dada mwenyewe alisema hata yeye hakujua.

Fundi aliamka giza likiingia. Alinyoosha miguu. Dunia ilikuwa na kingo zake zote, imekaa mahali pake. Alikuwa amesahau kwamba vitu vina kingo kali hivyo. Kisha akauona ukuta.

"Nani amegusa ukuta wangu?"

"Wangu," akasema Mama Chenga. "Mimi ndiye mwenye chumba."

Fundi akaweka ubao juu ya ukuta. Mwanga wa taa ulipita chini ya ubao kila mahali, bonde hapa, kilima pale. Kwa mtu kama yeye huo ulikuwa wa kukwangua usiku uleule. Alisimama akiutazama muda mrefu, akasema atautengeneza kesho. Kesho yake alipiga ukuta wa nne, akaupitia wa tatu kwa mbali, hakuugusa. Wala keshokutwa hakuugusa.

Kazi ikaisha, ikabaki kumwagilia, kwa kuwa lipu mpya hunyweshwa maji ili isipasuke. Hiyo ni kazi ya mtu yeyote mwenye ndoo, lakini fundi alikuja mwenyewe. Alimwagilia asubuhi. Mchana aliketi juu ya magunia yaliyokunjwa kuhakikisha ukuta umekunywa, akalala. Alilala kila siku, usingizi wa kina usio na maneno, na mashine ilizimwa kila siku kwa wakati huo, mpaka wafanyakazi wakauita wakati wa kupumzika. Mama Chenga alichelewa kuhamia chumbani kwake. Alisema lipu haijakauka. Dada alipoambiwa hivyo aliuliza ni lipu gani isiyokauka kiangazi kizima, na hakungoja jibu.

Mji una masikio. Siku moja dukani, fundi akinunua saruji, mwenzake wa kazi alimuuliza mbele za watu kama siku hizi analipwa kwa usingizi. Watu wakacheka, si kwa ubaya. Lakini fundi alitoka pale amepata joto masikioni, akajitazama kama watu wanavyomtazama: mtu mzima, mwenye mvi, anayekwenda kusinzia kwa mwanamke asiye mkewe wala ndugu yake. Hakwenda tena. Akajiambia kwamba kilichomlaza ni ukuta. Ni lipu nyepesi, yenye kuzuia joto na kelele. Jambo la kifundi, halina siri.

Akanunua gunia la chenga kwa mfanyakazi wa Mama Chenga, mama mwenyewe akiwa hayupo, akachukua na mchanga wake wa zamani uliobaki, akakipiga lipu chumba chake. Sehemu moja kwa nne. Kazi ilitoka bila kasoro, imenyooka, nukta za rangi zimekaa kama zilizohesabiwa. Akaimwagilia, akangoja ikauke vizuri, akatandika, akajilaza.

Usingizi haukuja. Chumba kilikuwa na ubaridi mzuri. Kelele za barabarani zilikuwa zimekufa. Upande wa pili, dada yake, ambaye sasa ukuta wao mmoja ulikuwa umenenepa, alilala kama jiwe na akaamka akijisifu. Fundi alilala chali, akazitazama zile nukta, na hazikuwa chochote. Buluu ilikuwa buluu. Hakuna aliyezitaja.

Siku zilipopita hivyo, dada alimkuta kibarazani amekamata kikombe kisicho na chai. Akaacha kushona.

"Mdogo wangu," akasema, "mimi nimewashonea watu nguo maisha yangu yote. Mtu akiniletea gauni akaniambia halimkai, mara nyingi tatizo si gauni."

Fundi aliwaza hayo maneno mpaka jua lilipopanda. Kisha akaoga, akavaa shati lisilo na lipu, akaenda nyuma ya soko.

Mama Chenga alikuwa akimimina chenga magunini. Alimwona, akaendelea kumimina. Alisema tu kwamba ukuta ulikosa mtu wa kuumwagilia, ikabidi aumwagilie mwenyewe, na kwamba mtu akiondoka kwa watu huaga. Fundi akakubali kosa. Akamweleza yote, la dukani, la chumba chake, la lipu ileile kwa kipimo kilekile. Alieleza kama fundi anavyoeleza kazi iliyokataa.

Mama Chenga alisikiliza mpaka mwisho. Alipojibu, sauti yake ilikuwa ya chini, na mikono ilikuwa imesimama.

"Mimi si dawa ya usingizi, fundi. Mtu akipona, dawa huitupa."

Lilikuwa neno zito na lilikuwa la kweli, na fundi hakulikimbia. Alisimama nalo. Vumbi la rangi lilikuwa likishuka katikati yao, polepole sana, jekundu na jeupe, likitua juu ya shati safi.

"Sikuja kulala," akasema mwishowe. "Nimekuja mchana, niko macho, na nimepiga mswaki. Usingizi ukitaka usirudi. Kama nitakesha, basi ningependa nikeshe huku."

Mama Chenga aliinama, akashika pembe moja ya gunia, akamwambia kwamba hili ni la kwenda kwenye banda na mtu mwenye mikono miwili anaweza kushika upande wa pili. Fundi akashika. Wakalibeba hilo, wakabeba na jingine, wakabeba mpaka wafanyakazi wakaaga wakaenda zao. Hapo ndipo Mama Chenga alipojipangusa mikono kwenye gauni, akatazama kule barabarani kana kwamba anaongea na mtu mwingine.

"Mwambie dada yako aje tuongee. Aje bila sindano."

Dada alikwenda asubuhi yake, na akaanza kumwita mwenzake wifi kabla hawajamaliza kusalimiana. Mambo yalikwenda kwa utaratibu, bila makelele. Viti vilikodishwa, vikarudishwa vyote. Fundi alihamia kwenye kile chumba cha kando ya banda, na dada akabaki na vyumba viwili, akakigeuza kile cha mdogo wake kuwa cha kupokelea wateja, ambao walikuja wakagusa ukuta kwanza, ndipo wakakumbuka suruali zao.

Kwa njia hiyo watu wakaanza kuitaka lipu ya chenga. Fundi hakumpa kila aliyeomba. Karibu na jiko alikataa, kwa kuwa plastiki na moto haviongei lugha moja, na kwa ukuta unaobeba mzigo mkubwa alikataa pia. Kwa vyumba vya kulala, vyenye joto na kelele, alikubali, mradi mteja apate mchanga safi, na kila mwenzake aliyemuuliza kipimo alimwambia waziwazi. Mlima wa magunia ndani ya banda ulishuka, ukaonekana ukuta wa nyuma ambao Mama Chenga alikuwa amesahau ulikuwa na dirisha.

Na usingizi? Huo haukurudi kama mpangaji. Ulirudi kama mgeni, usiku mmoja upo, mwingine haupo, bila kutoa taarifa. Usipokuja, fundi hulala chali na mkewe hugeuka upande wake, akanyoosha mkono gizani akagusa ukuta popote mkono unapofika, akaanza kumsimulia: hapa ni dumu la mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza mafuta ya taa, mrefu, hakuwahi kukosea salamu, na hapa pembeni yake ni kreti. Fundi huuliza kreti hiyo ilitoka wapi. Mama Chenga huanza kueleza, sauti ikipungua, maneno yakiachana nafasi, moja hapa, moja kule, mpaka sentensi inakatika katikati, na mara nyingi anayelala kwanza ni yeye.